Vipimo vya Clem Hentschke

Kwenye grafu katika skrini ya kompyuta, vitone vyeusi vilikuwa vimekaa juu ya mstari mwekundu, kimoja baada ya kingine, kama ndege waliotua kwenye waya wa umeme. Kwa miaka kumi na tisa Marnie Angove alikuwa amevijua vitone hivyo vikielea juu ya mstari bila kuugusa. Alivuta kiti akaketi.

"Nilidhani nimekosea mimi," alisema Thuy Lam, mwanafunzi wake wa shahada ya uzamivu, akiwa amesimama nyuma yake. "Nimeirudia hesabu mara nne. Mara ya nne nilizima kompyuta nikaiwasha upya, kama bibi yangu anavyoifanyia redio yake."

Marnie hakucheka. "Kosa liko wapi?"

"Kwenye mstari mmoja tu wa programu. Molekuli ya maji inapozunguka, kuna namba ya kuzidisha. Ilishazidishwa mwanzoni, halafu pale inazidishwa tena." Thuy akasita. "Ni programu ya zamani. Huenda aliyeiandika alikuwa..."

"Niliiandika mimi."

Kazi ya Marnie, katika ghorofa ya tatu ya chuo kikuu kimoja mjini Adelaide, ilikuwa kukokotoa kile kinachotokea elektroni inapoigonga molekuli. Gesi ikipigwa umeme hadi atomi zake zipasuke, inageuka plazma, kitu kilekile kinachowaka ndani ya radi, na mengine yote yanayofuata yanategemea hiyo migongano. Jedwali lake la mvuke wa maji lilikuwa limetumiwa na wahandisi, na madaktari wanaojaribu plazma baridi juu ya vidonda visivyopona, na watu ambao hatawajua kamwe. Walilichukua kama mtu anavyochukua chumvi mezani, bila kuuliza ilikotoka.

Ni mtu mmoja tu aliyewahi kulipinga. Clem Hentschke hakuwa mtu wa kukokotoa. Alikuwa mtu wa kupima. Alijenga mrija wa chuma kwa mikono yake, akaujaza mvuke, akapitisha elektroni ndani yake na kuhesabu zilichukua muda gani kufika upande wa pili. Zilifika mapema kuliko jedwali lilivyosema, kwa asilimia kumi na tatu. Alikwenda na vitone vyake kwenye mkutano wa wanafizikia kule Hobart, akasimama mbele ya ukumbi akiwa amevaa tai iliyomkaba. Marnie, aliyekuwa na miaka thelathini na saba na jina linalopanda, alinyanyuka kutoka safu ya pili.

"Maji hayana adabu, Clem," alisema. "Yakiingia ndani hung'ang'ania ukutani. Una hakika mvuke uliokuwa unaupima ulikuwemo?"

Ukumbi mzima ulicheka. Hakukuwa na ubaya ndani ya kicheko kile. Kilikuwa kicheko cha watu waliokwisha kula chakula cha mchana. Lakini baada ya hapo maombi ya utafiti ya Clem yakawa yanarudi, na maabara yake ikapewa wengine polepole, meza moja baada ya nyingine. Miaka mitatu baadaye alichapisha waraka wa nusu ukurasa akivifuta vipimo vyake. Alisema amegundua hitilafu kwenye geji, kifaa cha kupima mgandamizo wa mvuke. Marnie alimwandikia barua pepe kumsifu kwa uungwana wake.

Sasa aliikumbuka barua pepe hiyo neno kwa neno.

"Jarida lililochapisha jedwali tutaliandikia wiki hii," alimwambia Thuy. "Ila yeye nitamwambia kwanza. Kwa mdomo wangu."

"Utamwambia nini?"

Marnie alichukua funguo za gari. Ilikuwa safari ya muda wa saa tatu hadi Loxton, alikokuwa akiishi Clem. Alijaribu kupanga maneno na kila alipoyapanga yalisikika kama yale ya Hobart: yamenyooka, yamechongwa, yanangoja kushangiliwa. Alipofika kwenye mashamba ya machungwa kando ya mto Murray, alikuwa ameyatupa yote.

Clem alikuwa amepiga magoti kando ya pampu ya kumwagilia, ameifungua na kutandaza vipande vyake juu ya gunia. Alikuwa mzee sasa, mwembamba, shingo imeungua kwa jua. Alimtazama akishuka garini bila kuonyesha mshangao.

"Bibi Mahesabu," alisema. "Umekuja kununua machungwa au kuyahesabu?"

"Nimekuja kukuona."

"Basi hali ni mbaya. Njoo ndani, Dawn ameoka keki."

Dawn, mkewe, alikuwa na mikono mipana ya mtu anayepakia masanduku ya matunda. Alimkaribisha Marnie kwa upole usio na joto, akamimina chai, akakata keki vipande vinene. Walizungumza juu ya ukame, juu ya mto uliokuwa chini, juu ya binti yao aliyehamia Darwin. Kisha Marnie akakisogeza kikombe chake pembeni.

"Clem," alisema Marnie, "vipimo vyako vilikuwa sahihi. Jedwali langu ndilo lililokosea. Nilizidisha mara mbili kitu cha kuzidisha mara moja. Tumesahihisha, na mstari unapita katikati ya vitone vyako."

Clem aliendelea kukoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

"Kwa kiasi gani?"

"Asilimia kumi na tatu. Ile ile."

"Na geji?"

"Geji ilikuwa nzima."

"Hapana," alisema Clem, taratibu, kama anayemrekebisha mtoto. "Ilikuwa na ufa. Niliifungua mwenyewe. Kiwambo cha ndani kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, upande wa kushoto. Niliushika chini ya taa, nikamwita Dawn aje auone."

Marnie alimgeukia Dawn. Dawn alikuwa akitazama kitambaa cha meza.

"Kama geji ingekuwa na ufa," alisema Marnie, "vitone visingekaa pale vilipokaa. Visingeweza."

"Nilikuwa nimeitafuta kasoro kwa miaka mitatu." Clem alikiweka kijiko juu ya sahani. "Nilibadilisha mrija, nikabadilisha nyaya. Nilioka kuta siku sita mfululizo ili maji yako yasiyo na adabu yatoke. Kisha siku moja nikauona ule ufa, na usiku huo nikalala. Ndiyo mara ya kwanza niliyolala. Sasa unaniambia haukuwepo. Basi nieleze, Marnie, wewe mwenye hesabu: niliona nini?"

Katika maisha yake ya kazi watu walikuwa wamemuuliza maswali maelfu, na karibu kila mara alikuwa na penseli mkononi kabla hawajamaliza kuuliza. Sasa aliiweka mikono yake mitupu juu ya meza.

"Tuandike masahihisho pamoja," alisema. "Jina lako litangulie. Nitaeleza yote, hata nilichosema Hobart."

"Jina la nani? La yule aliyeandika kwamba alikosea, au la huyu atengenezaye pampu?" Clem hakupaza sauti. Aliinuka, akasukuma kiti mahali pake kwa uangalifu, akatoka.

Marnie alianza kukusanya vikombe ili mikono yake iwe na la kufanya.

"Viache," alisema Dawn.

Aliviacha.

"Uliuona ule ufa?" aliuliza.

"Aliniuliza kama nauona, nikasema nauona." Dawn alikunja kitambaa, akakikunjua. "Alikuwa hali chakula, hajibu simu ya mwanawe. Ningesema naona tembo. Ilimchukua miaka mitatu kujifunza kusema amekosea, dada. Miaka mitatu, na mimi ndiye niliyekuwa nikiishi naye. Wewe umekuja na nusu saa yako kumtaka ajifunze kinyume chake. Sijui kama moyoni bado ana nafasi ya kukiweka."

"Nisingekuja ingekuwa afadhali?"

"Hapana," alisema Dawn, akionekana kuchoshwa na swali. "Hiyo pia hapana."

Marnie alitoka. Jua lilikuwa juu ya miti na hewa ilinuka ganda la chungwa na dizeli. Clem alikuwa amepiga magoti tena, anafuta kipande cha pampu kwa kitambaa, kipande ambacho kilikuwa kimeshang'aa. Marnie alisimama pembeni yake. Hakuomba msamaha, alihisi kwamba neno hilo lingekuwa mzigo mwingine wa kumtwisha mzee huyu aliyekuwa na mikono miwili tu.

"Kuna vipimo viwili sikumwonyesha mtu," alisema Clem bila kuinua kichwa. "Vilikuwa mbali mno na mstari wako. Nilikuwa na aibu ya kutosha bila hivyo."

Akavitaja. Namba ya kwanza, namba ya pili, hadi desimali ya tatu, bila kusita, kama mtu anayetaja tarehe za kuzaliwa za wanawe. Marnie hakuhitaji kompyuta. Mstari mpya ulikuwa ndani ya kichwa chake tangu alipouona, kila mpindo wake.

"Cha kwanza kimekaa juu ya mstari," alisema.

Clem alingoja. Kitambaa kilikuwa kimetulia mkononi mwake.

"Na cha pili?"

Cha pili kilikuwa chini, peke yake, mbali na mstari wa zamani na mbali zaidi na ule mpya. Huenda siku hiyo mvuke ulikuwa mchafu. Huenda bado kulikuwa na kosa jingine katika programu. Angeweza kutaja sababu tano, na kila moja ingesikika vizuri.

"Sijui," alisema Marnie.

Clem aliinua macho akamtazama, kwa mara ya kwanza tangu waondoke mezani.

"Hata mimi," alisema, kisha akainama tena juu ya pampu.