Leso ya Vibha

"Ukisikia kicheko kinapanda, bana leso kwa meno," alisema Kusumlata, akimpachika Vibha pini ya sari begani kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Ibane mpaka kishuke."

"Mama, mnanipeleka kwenye picha ya kuchekesha halafu unanikataza kucheka?"

"Picha kachagua shangazi yako. Mimi nimechagua leso."

Shanno, dada wa mumewe, alikuwa amesimama mlangoni na mkoba kwapani, tayari tangu saa saba. "Wifi, ungetaka nichague ipi? Mjini Kanpur wiki hii kuna ya majambazi, kuna ya mjane anayelia kwa saa tatu, na hii. Ungempeleka mama mkwe mtarajiwa akaangalie watu wakichomana visu?"

Kusumlata alirudi nyuma hatua mbili, akamtazama binti yake kuanzia nywele hadi vidole vya miguu. Sari ya rangi ya udongo, bangili mbili, nywele zimebanwa. Umri miaka ishirini na mitano, digrii ya mimea, mwalimu katika chuo cha wasichana. Hakuna kasoro ya kuonekana kwa macho. Kasoro yake ilikuwa ya kusikika.

Kicheko cha Vibha kilianza kama pampu ya baiskeli, kikanyamaza kidogo, watu wakadhani kimekwisha, kisha kikalipuka kama kabati la vyombo linaloporomoka ngazini. Mchumba wa kwanza aliletwa nyumbani, kwa chai na sinia la vitafunio kama kawaida, na mjomba wa mchumba akakalia sahani ya jalebi za moto, vile vitamu vya kukaangwa, shira ikapenya suruali. Vibha akacheka. Kesho yake asubuhi jibu likaja kwamba nyota za vijana hazikuendana. Familia ya pili ilikuwa imeshapata habari kwa ile ya kwanza. Wakamuuliza usoni kama ni kweli, naye akacheka tena.

Kwa hiyo safari hii walipanga kuonana senema. Huko hakuna anayekuja kumtazama mtu. Familia mbili zinakutana ukumbini kwa bahati, zinashangaa, zinakaa pamoja. Wakipendana, sawa. Wasipopendana, hakuna jirani aliyeona sinia la chai, na hakuna aliyekataliwa. Lakini watu husemezana, na Kusumlata alijua kwamba binti akishaonwa na kuachwa mara tatu, barua za wachumba huacha kuja. Hii ilikuwa ya tatu.

"Na kicheko chenyewe kakitoa wapi?" Shanno aliuliza walipokuwa wakishuka ngazi. "Wiki ya kwanza ulipoolewa kwetu, mama alikimbilia jikoni akidhani bati limeanguka."

"Mama yako alinifundisha nikaacha."

"Ndiyo. Kwa wiki mbili tu ulikuwa umeacha kabisa."

Shanno alisema hivyo bila kutabasamu, na Kusumlata akakaza mwendo.

Penye lango la senema, familia ya Mathur, wazazi na mchumba mwenyewe, walikuwa wameshafika. "Jamani! Na ninyi mko hapa!" alisema Bibi Mathur, mwanamke mnene mwenye macho ya mtu anayenunua kitambaa, huku mkononi ameshika kikopo chake cha tambuu. Mumewe alikuwa na mwavuli ingawa mbingu ilikuwa nyeupe kwa jua. Kijana wao, Nirbhay, mhandisi wa maji wa manispaa, aliinama akagusa miguu ya wakubwa, akakunja viganja kumsalimu Vibha, asiseme neno. Alikuwa vilevile kama kwenye picha waliyotumiwa: midomo imefungwa kama mtu aliyeshika maji mdomoni. Kusumlata alipenda. Mwanaume mzito. Mtu wa maana.

Mpango ulikuwa Kusumlata akae ubavuni mwa Vibha, ili amfinye ikibidi. Lakini mumewe, Bwana Nigam, alitoa tiketi mfukoni akiwa na uso wa mtu anayejua amekosa.

"Nne ziko mstari mmoja, mama Vibha. Tatu ziko nyuma yake. Dirishani walisema hakuna zaidi."

"Na ukanyamaza tangu Jumatatu?"

"Nilikuwa nangoja wakati mzuri."

"Binti atakaa na mimi," alisema Bibi Mathur, akamshika Vibha mkono, na hapo mambo yakawa yamekwisha. Mbele wakakaa Nirbhay, baba yake, mama yake, na Vibha. Nyuma yao wakakaa Kusumlata, Bwana Nigam na Shanno. Taa zikazimwa.

Kusumlata hakuiona picha. Alisikia tu kwamba kuna jaji mstaafu aliyekatazwa achari na daktari, akaipiga marufuku nyumba nzima, na sasa watu wote ndani, mpaka bibi wa miaka themanini, wanakula achari kwa kujificha. Yeye macho yake yalikuwa kwenye mabega ya Vibha.

Ukumbi ulianza kucheka dakika ya kumi, na baada ya hapo haukutulia. Mkwe wa jaji alijifungia kabatini na mtungi wa achari ya embe, jaji akaja kutundika koti, akalitundika juu ya mkwe. Watu wakapiga viti. Bwana Nigam akajifuta macho. Mabega ya Bibi Mathur yalipanda na kushuka kama ya mtu aliye juu ya punda. Mabega ya Vibha yalitikisika mara moja, yakakaza. Mkono ukapanda mdomoni. Kusumlata akashikilia ukingo wa kiti mpaka kucha zikauma. Bana. Bana, mwanangu.

Vibha akabana. Mpaka mapumziko hakutoa hata mlio wa panya.

Taa zilipowaka Kusumlata alihisi miguu yake mepesi. Alikuwa anaenda kununua sambusa kwa furaha kabisa Bibi Mathur alipomshika kiwiko, akamvutia kando, chini ya tangazo la picha ijayo.

"Dada, mimi si mtu wa kuzunguka. Binti yako ana tatizo la masikio?"

"La nini?"

"Ukumbi mzima unacheka, yeye kimya. Nikamuuliza, mwanangu unaona vizuri hapo? Akatikisa kichwa. Nikamuuliza unafundisha darasa la ngapi? Akatikisa kichwa. Darasa la ngapi, dada! Hilo linajibiwa kwa kichwa?"

"Anasikia vizuri sana."

"Mke wa mwanangu mkubwa naye walisema anaona vizuri sana. Wakamleta bila miwani. Siku ya tatu ya harusi akaenda kugusa miguu ya muuza maziwa akidhani ni baba mkwe. Kudanganywa mara moja kunatosha. Mtoto asiyesikia si dhambi, lakini ungetuambia."

Kusumlata alifungua mdomo. Angesema nini? Kwamba binti hakujibu kwa sababu mdomo ulijaa leso? Ikitajwa leso, kinafuata kicheko, na kikifuata kicheko, zinafuata nyota zisizoendana.

"Ni mpole tu," alisema.

"Mpole," alisema Bibi Mathur, akaenda zake. Mwanawe alikuwa amesimama karibu na duka la soda, akinywa kwa mrija, amefunika mdomo kwa kiganja.

Kusumlata alimkuta Vibha penye bomba la maji akisuuza leso.

"Kipindi cha pili, cheka."

"Nini?"

"Cheka. Kidogo. Kama mtu wa kawaida."

"Kidogo sina, mama. Wewe unajua."

"Wanadhani husikii."

Vibha aliacha kukamua leso. Macho yake yakajaa, lakini sauti ikatoka kavu. "Basi waambie ukweli."

"Ukweli umetufukuzia wachumba wawili."

"Basi nyamaza kama nilivyonyamaza mimi. Kicheko si bomba hili, ukitaka unafungua, ukitaka unafunga."

Kengele ikalia.

Kipindi cha pili kilikuwa kirefu kuliko kesi yoyote ya jaji yule. Bibi kwenye picha alificha achari ndani ya ngoma ya ibada, watu wakalia kwa kucheka, na Vibha akakaa kama nguzo. Leso ilikuwa mapajani, haina kazi. Hasira ilikuwa imekausha kila kitu. Bibi Mathur naye hakuwa anaitazama picha tena. Alikuwa anatazama sikio la Vibha. Kusumlata alimwona akiinua kile kikopo cha tambuu, akakisogeza karibu na sikio, akakifunga kwa kishindo. Pa!

Vibha hakushtuka. Kusumlata alijua kwa nini. Aliijua shingo ile ilivyo ikikasirika. Lakini Bibi Mathur aliegemea kwa mumewe, akanong'ona, na Bwana Mathur akaanza kuvitafuta viatu vyake kwa miguu gizani. Kisha akashika mwavuli. Walikuwa wanaondoka. Wangeondoka katikati ya picha, mbele ya nusu ya mji, na jioni hii hii ingejulikana kwamba binti wa Nigam ni kiziwi.

Kusumlata aliinuka nusu, akaingiza kichwa chake katikati ya vichwa viwili vya mbele.

"Dada. Mwanangu anasikia. Mimi ndiye niliyemkataza kucheka."

Alidhani ananong'ona. Lakini alikuwa mwalimu wa jiografia kwa miaka kumi na tisa, na kwenye picha walikuwa wamefika mahali pa huzuni: familia imemhama jaji, amekaa peke yake mezani, hakuna hata muziki.

"Kwa nini umkataze?" Bibi Mathur aliuliza.

"Kwa sababu kicheko chake kinaanza kama pampu ya baiskeli na kinaisha kama kabati la vyombo limeanguka ngazini! Mchumba wa kwanza alikimbia kwa sababu yake, mjomba wake akiwa na jalebi matakoni—"

"Shhh!" ukumbi ukamzomea. Mtu akapiga kelele kutoka nyuma: "Mama, ozeshaneni nyumbani kwenu!"

Kimya kikarudi. Jaji, mezani, akashusha pumzi.

Ndipo pampu ikaanza. Mara moja. Mara mbili. Kusumlata akafumba macho. Kikanyamaza kidogo, kama kawaida yake, kisha kabati likaporomoka ngazi zote, na sahani za chuma, na masufuria, na vifuniko. Vibha alikuwa ameinama mpaka magotini. Ukumbi uligeuka kumtazama, halafu ukumbi nao ukaanza kucheka, mbele ya jaji wa watu anayelia peke yake.

Bibi Mathur aliweka mkono kifuani. "Anasikia," akamwambia mumewe. Bwana Mathur akauweka mwavuli chini.

Kusumlata alirudi kitini, jasho likimtoka. Mabega yote mbele yake yalikuwa yanaruka. Ya Vibha, ya Bibi Mathur, ya mzee. Yote isipokuwa jozi moja. Akaitazama jozi hiyo mpaka picha ikaisha.

Nje, penye riksho, Bibi Mathur alikuwa anajipangia maneno. "Binti mzuri. Tutashauriana. Unajua, mama yangu ana moyo dhaifu, na nyumba yetu ina mwangwi. Tutaleta habari." Ile ile habari, Kusumlata aliitambua. Ilibaki tu kutajwa nyota.

"Na huyu wako, dada?"

"Wangu ana nini?"

"Nimeangalia mabega ya watu wanne kwa saa tatu, sikuangalia kingine. Binti yangu hakucheka kwa sababu nilimkataza. Mwanao hakucheka tangu mwanzo mpaka mwisho. Yeye alikatazwa na nani?"

Bibi Mathur alifungua kikopo chake cha tambuu, akakifunga bila kuchukua kitu. "Ni mpole tu," alisema.

"Mpole," alisema Kusumlata.

Nirbhay alimtazama mama yake. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa leso. Pembe moja ilikuwa imelowa na kutafunwa.

"Ile ya koti kabatini," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia sauti, "nusura iniue."

"Nirbhay, mdomo!"

Lakini alikuwa ameshaanza kucheka. Meno yake mawili ya mbele yalipandana, moja juu ya jingine, kama mtu aliyekaa akakunja nne. Vibha aliyatazama meno, akaitazama ile leso, akainua ya kwake iliyokuwa bado mbichi.

Bibi Mathur aliwatazama wote wawili, na macho yake hayakuwa tena ya kununua kitambaa. Alipanda riksho kwa shida, akajipanga vizuri, akainamisha kichwa chini ya turubai.

"Jumapili tutakuja kwenu kunywa chai," alisema. "Saa kumi. Ila hizo jalebi, dada, mziweke mbali na viti."

Mlio uliofuata ulimfanya Shanno ageuke haraka kuangalia ni bati gani limeanguka. Vibha alikuwa amefunga mdomo kabisa. Alikuwa anamtazama mama yake.