Spika Mbili za Ambalal

"Hii nayo imelala," Mutahi alisema, akakizungusha kitufe cha trebo, kile cha sauti nyembamba, mpaka mwisho.

Ambalal, fundi wa redio, aliichungulia. Alikuwa ameinama juu ya meza yake ya kazi, miwani imemteremka puani, mkono bado umeshika nyaya za spika ya pili. Ya kwanza, ile kubwa yenye sumaku nzito kama jiwe la kusagia, ilitolewa kwenye redio ya Mzungu mmoja aliyeuza shamba huko Kieni akarudi kwao. Mutahi aliijaribu akaikataa, akasema inaongea kama mtu aliyefunikwa blanketi. Ya pili ilikuwa ndogo, mpya, karatasi yake haijaguswa na vumbi. Hiyo ndiyo aliyoitegemea alipopanda basi asubuhi kuja Nyeri, boksi la ampli ya kukuzia sauti na gitaa vimefungwa kamba juu ya makapu ya viazi. Na hiyo nayo, jamani, ilimpa blanketi lile lile.

Huyu Mutahi hakuwa mpigaji wa kubahatisha. Kwa miaka sita, kila Jumamosi mchana, alipiga muziki wa kantri kwenye baa ya Kihara pale Endarasha. Watu wa baridi ile ya milimani wanaipenda kantri kama wanavyopenda chai ya maziwa. Wakulima wa viazi na pareto hukaa na makoti yao mazito, kofia magotini, wala hakuna anayecheza. Kantri haitaki fujo. Inataka kila uzi usimame peke yake, safi, kama maji ya mto kabla ng'ombe hawajaingia. Usafi huo Mutahi alikuwa nao, na watu walitoka hata Mweiga kuja kuusikiliza.

Halafu akaugua kifua kikuu, akalazwa miezi mingi, akapona. Aliporudi nyumbani mwaka ule wa sabini na tatu, jembe lilimkataa. Akichimba mistari miwili anakaa chini kutafuta pumzi. Likabaki gitaa. Lakini gitaa nalo lilikuwa limeharibika: ukipiga ule uzi mwembamba kabisa unasikia mgoto wa ukucha, basi. Akajua spika imechoka. Kila Jumamosi akawa anaongeza trebo, na kila Jumamosi meza za mbele zikawa zinabaki tupu. Mwaka mbaya, alimwambia mkewe Wacera, hata ndege wadogo wa kwenye ua wamehama. Wacera alisema pengine ni baridi.

Jumamosi iliyopita Kihara alimwita kando. Hakumgombeza, na hilo ndilo lililouma. Alimwambia gitaa lake linakata watu masikio, na kwamba asipobadilisha spika kabla ya Jumamosi nyingine, ataleta mashine ya santuri. Mutahi alishangaa, kwani kitu kilichokufa kinamkata nani? Lakini juu ya spika walikuwa wamepatana. Akauza kondoo bila kumuuliza Wacera, akaja mjini.

"Ongeza sauti," alimwambia Ambalal sasa.

Ambalal akaongeza. Mutahi akapiga ule mwanzo wa wimbo wake wa Jumamosi, uzi mmoja mmoja. Upande wa pili wa duka, Madhuben, mke wa Ambalal, aliacha kukunja vitambaa akaziba masikio kwa viganja. Mteja aliyekuwa mlangoni akageuka akatoka. Mutahi aliwaona wote wawili, akakasirika. Huyu mama anamdharau, alifikiri, na hata hajui kantri ni nini.

Ambalal akazima.

"Bwana Mutahi, sikia mimi. Hii spika inalia mpaka meno inauma. Wewe unasema imelala?"

"Imelala, mzee."

Ambalal akaivuta ile spika ya zamani iliyotoka kwenye ampli ya Mutahi. Akaibonyeza karatasi kwa vidole gumba, polepole, ndani na nje, sikio lake karibu, asikie kama kuna kitu kinakwaruza. Akaiunganisha akaijaribu. Akafanya hivyo tena, kama fundi anayetafuta kosa kwa sababu ameombwa kosa.

"Hii yako ni mzima," alisema.

"Basi kuna nini?"

Ambalal aliiweka spika chini. Kisha akavua saa yake ya mkononi, akaiweka kwenye sikio la Mutahi.

"Unasikia?"

"Imesimama," Mutahi alisema.

Ambalal akaiteremsha ili waione wote. Mshale mwembamba wa sekunde ulikuwa unazunguka.

Hapo Mutahi aliikumbuka wodi. Sindano ya kifua kila asubuhi, dawa inayoweza kuharibu masikio, na kabla ya sindano nesi anauliza swali lile lile: masikio inalia? Gatimu wa kitanda cha jirani alijibu kweli kwamba yanalia. Wakamsimamishia sindano, na mwezi haukwisha kabla kitanda chake hakijatandikwa shuka jipya. Kwa hiyo kengele zilipoanza kumlilia Mutahi masikioni, yeye alisema hapana. Siku ya pili akasema hapana. Alisema hapana mpaka kengele zenyewe zikanyamaza, akadhani amepona na hilo. Alidanganya ili aishi, na kweli akaishi.

Pale dukani Mutahi aliuondoa mkono kwenye gitaa. Akaegemea meza. Ambalal alirudisha spika ya zamani ndani ya boksi, akakaza skrubu zake, akamwambia hatamuuzia kitu.

Mutahi akamwacha fundi. Aligeukia upande wa vitambaa, kwa Madhuben.

"Mama," alisema, "naomba usimame hapa mbele. Sauti ikifika pazuri, unionyeshe na mkono."

Madhuben akamtazama mumewe, kisha akaja. Mutahi akapiga, akapunguza trebo. Akapiga, akapunguza tena. Kwake yeye ilikuwa kama mtu anayegonga nguzo ya ua mbali huko bondeni. Lakini macho hakuyatoa kwenye uso wa yule mama, akauona ukilegea, na mwishowe mkono ukainuka. Akachukua msumari, akachora alama ubavuni mwa kitufe. Madhuben alisema neno kwa lugha yao.

"Anasema ni tamu sana," Ambalal alieleza.

"Mwambie asante," alisema Mutahi.

Alifika Endarasha jua bado halijazama, na akamweleza Wacera kila kitu, mpaka habari ya kondoo. Wacera alisikiliza yote bila kuacha kumenya viazi.

Asubuhi iliyofuata Mutahi alikuwa amesimama uani na kikombe cha chai kilichopoa. Mkewe akatoka akasimama karibu naye.

"Mama Waithira," Mutahi alimwita kwa jina la binti yao, "wale ndege walirudi lini?"

Wacera alivuta leso mabegani.

"Hawakuhama, Baba Waithira. Ulikuwa umetoka kwa kifo, na mimi nilishindwa kukuambia."

Juu ya ua, karibu kiasi cha kuguswa, kulikuwa na ndege mdogo wa kijivu. Koo lake lilikuwa linatetemeka na mdomo umefunguka wote. Mutahi akaweka kikombe chini, akamtazama mpaka ndege alipoufunga mdomo.