Radi Hapigi Hodi

Mimi ni seremala. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani nina chuki binafsi na Radi. Chuki ninayo, lakini ni ya kikazi.

Radi ni yule shujaa wa filamu ambayo kila mtu ameiona na kila mtu anaipenda: koti refu, kijiti cha kiberiti mdomoni, na lile neno lake kabla ya kuvunja mlango, "Radi hapigi hodi." Watu wazima wenye akili zao wamelichapisha kwenye fulana. Katika filamu nzima anavunja milango kumi na mmoja kwa teke, na hakuna hata mmoja aliojaribu kwanza kitasa chake. Mimi mlango mmoja hunichukua siku tatu. Nikimtazama naona siku thelathini na tatu za fundi mwenzangu zikienda na maji, na watu wanapiga makofi.

Mchumba wangu, ambaye ni muuguzi na mtu wa maneno machache, alinionya tukiwa njiani kwenda kwao. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukutana na mama yake.

"Mama aliuza tiketi za sinema miaka ishirini," alisema. "Kwake Radi ni kama kifungua mimba. Leo jikaze."

"Kwani mimi mgomvi?"

Aliongeza mwendo.

Nilikuwa nimeazimia kupendwa. Nilimpenda yule mwanaume, nilitaka mama yake anikubali, na nilivaa gauni ambalo halijawahi kuona vumbi la mbao. Mama alinipokea vizuri, akaniketisha naye kochi moja, akawasha filamu.

"Kila mtu anayeingia nyumba hii hupitia hapo," alininong'oneza shemeji, mdogo wake mchumba wangu, mwalimu wa michezo mwenye mapaja kama magogo.

Milango minne niliimeza. Wa tano nilikohoa. Wa nane mchumba wangu alinishika mkono, na si kwa mapenzi. Wa tisa Mama alisimamisha picha, mguu wa Radi ukiwa bado hewani, akamwonyesha kwa kidole.

"Haya, mwanangu huyo umemwonaje?"

Nilitafuta neno zuri. Ningesema koti lake limeshonwa vizuri, yakaisha. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye bawaba.

"Mama, huo mlango unafunguka kwa nje. Bawaba zake hizo hapo, zinaonekana. Ukiupiga teke unaukandamiza kwenye fremu. Hapo angevunjika mguu yeye." Ningeishia hapo ningepona. "Halafu hapo ni kwa mchumba wake, na yumo ndani. Angepiga hodi tu angefunguliwa. Huyu si shujaa, Mama. Ni mtu asiye na adabu aliyevaa koti."

Mama alizima filamu. Aliinuka, akaingia bafuni, akajifungia kwa ufunguo. Tulisikia maji yakimwagika kwa muda mrefu.

"Hongera," alisema mchumba wangu taratibu.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Gauni lote lile, bure.

Maji yalipofungwa tukasikia kitasa kikihangaika, kisha sauti ya Mama, ndogo kuliko ile ya mwanzo. "Ufunguo umekatikia humu."

Shemeji alikuwa akiisubiri siku hiyo tangu utotoni. Alimwambia Mama akae mbali na mlango, akarudi nyuma hatua tatu, akalitamka lile neno, akarusha mguu. Mlango haukutikisika. Yeye aliketi sakafuni ameshika vidole vya mguu, akisema maneno ambayo mwalimu hayasemi mbele ya wanafunzi.

Nikauangalia ule mlango. Ulikuwa wa kufunguka kwa nje, na bawaba zote tatu zilikuwa upande wangu. Niliomba bisibisi na nyundo. Nyundo haikuwepo, mchumba wangu akaniletea mchi mdogo wa kutwangia vitunguu saumu. Nilipiga magoti na gauni langu, nikagonga pini ya chini ikatoka, ya kati ikatoka, ya juu ikasumbua kidogo kisha ikatoka.

Ilibaki kuvuta tu. Mkono ukasita. Mle ndani alikuwamo mama niliyetoka kumtukania mwanawe. Nikagonga kwa kidole.

"Hodi, Mama."

Shemeji akaacha kuguna.

"Nani?"

"Seremala."

Nilikuwa nimeushika mlango usio na bawaba hata moja, na bado sikuwa na ruhusa ya kuufungua. Nilisubiri. Niliogopa kweli.

"Marehemu baba yao," alisema Mama kutoka ndani, "alikuja kunichumbia na koti kama lile, na neno lile lile mdomoni. Akaingia moja kwa moja hadi sebuleni. Nilimrudisha nje akapige hodi."

Nikamsikia akipenga kamasi.

"Karibu, mwanangu."