Gumalisa Yuko Njiani

Siku nazi ya tanzia ilipoondolewa pwani ya Dobu, Toyogima alikuwa kati ya wageni wa kwanza kushuka. Mwaka mzima mti mmoja ulikuwa umechomekwa mchangani, nazi kavu imefungwa juu yake, ukimwambia kila anayekuja: hapa kuna msiba, hakuna mkufu utakaotoka. Sasa mti ulikuwa umelazwa chini. Toyogima aliuvuka taratibu, kama mtu anayevuka miguu ya aliyelala.

Alikuja kwa jambo moja tu. Kule kisiwa cha Kitava, mzee Kaimwala alikuwa kitandani, miguu imevimba, macho yameshaingia ukungu, na alikuwa ameomba kitu kimoja kabla hajazikwa: awekewe Gumalisa kifuani. Mtu wa huko akikaribia kufa huwekewa kitu kizuri kifuani ili roho itoke imetulia. Na katika mikufu yote ya kombe nyekundu inayozunguka visiwa vile, Gumalisa alikuwa na jina lake, wimbo wake na watu waliomlilia.

Toyogima ndiye aliyemwahidi. Miaka mitatu nyuma alipokea kwa Kaimwala bangili kubwa iitwayo Kepwasi, akampeleka Kepwasi huku Dobu kwa rafiki yake Damuni, na Damuni akamwambia, "Gumalisa yuko njiani, atakuwa wako." Mikufu huenda upande huu, bangili upande ule, na katikati hakuna karatasi wala shahidi. Kuna njia tu. Njia ndilo neno wanalotumia: mimi na fulani tuna njia.

Sasa Damuni alikuwa amekufa, na Toyogima alikuwa akipanda kwenda nyumbani kwake.

Njia yao ilianza vibaya. Toyogima alikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili alipofika Dobu mara ya kwanza akitokea kwao Vakuta, na alikuwa amejazwa maonyo: watu wa Dobu wachawi, usile chakula chao, usiguse chokaa yao ya kutafunia popoo. Damuni alimtupia kimkufu chembamba miguuni, kama desturi inavyotaka, maana kitu hicho hakikabidhiwi kwa upole; hutupwa na kutukanwa.

"Chukua uchafu huo," Damuni alisema. "Kamfungie mbwa wako."

Siku tatu zile Toyogima alikula kiazi kikuu chake mwenyewe, kimepoa, ameketi ndani ya chombo. Damuni alimtazama kutoka ufukweni akicheka hadi akakaa chini.

"Wee Vakuta! Unaogopa nitakuroga kwa chakula? Ningetaka kukuroga ningeutuma upepo. Upepo haupikwi!"

Mwaka uliofuata alikula samaki, kipande kidogo. Hakufa. Mwaka wa nne alilala ndani kwa Damuni. Wa tano, chombo chao kilipasuka upande, na Damuni akakata mti wake mwenyewe aliokuwa akiutunza, akampa mbao bila neno. Toyogima alirudi na nguruwe wawili. Damuni akampa mkufu uliowatoa watu wa pwani nzima nje kutazama, akiutupa kwa hasira ya desturi na tusi ambalo haliandikiki. Hivyo ndivyo ilivyokwenda, kidogo kwa kidogo, kila mmoja akimpa mwenzake kitu kikubwa kuliko kile alichoweza kuvumilia kukipoteza mwaka uliopita. Mwaka wa kumi na moja, bila kufikiri, Toyogima alinyoosha mkono akachukua kibuyu cha chokaa cha Damuni, akachovya kijiti, akakipeleka mdomoni pamoja na popoo. Wote wawili waliona. Damuni aligeuza uso akajifanya kumwita mbwa.

Miaka thelathini na moja. Toyogima alikuwa akiihesabu njiani.

Dada yake Damuni, Sineyada, alikuwa barazani. Masizi ya msiba alikuwa ameyaosha, lakini kwenye mikunjo ya shingo yalikuwa bado. Aliinuka, akaketi tena.

"Karibu kaka. Umekuja na bahari mbaya."

"Bahari ilikuwa na heri, dada. Pole sana. Sikuweza kumlilia kwa karibu."

"Ulimlilia kwenu. Tulisikia. Walisema ulikataa kula magimbi miezi mitatu."

"Ndiye aliyekuwa akiyapenda."

"Alikuwa mlafi," Sineyada alisema, na kicheko kikamtoka, kikakatika. Akasukuma mbele kikapu cha popoo na kibuyu cha chokaa. Kilikuwa kile kile cha Damuni, mdomo wake umelika upande mmoja.

Walitafuna kidogo. Kisha Toyogima akasema, kwa sababu hakuna namna nyingine ya kusema jambo hilo, "Dada, nimemfuata Gumalisa. Kule Kitava kuna mzee anamngoja. Hana siku nyingi."

Sineyada aliacha kutafuna.

"Kaka, ngoja kwanza ule."

"Nitakula. Niambie tu, yuko humu ndani, au bado yuko Tubetube?"

"Hayuko."

"Hayuko Dobu?"

"Hayuko, kaka. Hayuko popote." Alitema mate mekundu chini ya baraza, akajifuta mdomo kwa kiganja. "Yule mtu wa Tubetube aliyekuwa naye alimwuza. Kwa wageni wa meli, wale wanaoshuka na kofia kubwa. Huu ni mwaka wa kumi. Wanasema yuko ndani ya kioo nyumbani kwa mtu, nchi gani sijui."

Toyogima alisikia maneno, akayapanga, akaona hayapangiki. "Mwaka wa kumi? Damuni alinipa ahadi miaka mitatu iliyopita. Mimi nilimpa Kepwasi hapa, kwenye baraza hili. Masikini, hakujua."

Sineyada aligeuzageuza popoo kikapuni.

"Dada. Hakujua, sivyo?"

"Alijua mwaka wa pili tangu auzwe. Alikaa humo ndani siku mbili hatoki. Nilidhani ni tumbo."

Chini ya nyumba kuku walikuwa wakiparua. Toyogima aliwatazama kupitia nafasi ya mbao.

"Kwa nini alimpokea Kepwasi?"

"Kwa sababu naye alikuwa ameshamwahidi mtu bangili ya cheo kile, na yule mtu alikuwa amechoka kungoja na ameanza kumtaja kwa ubaya. Nilimwambia Damuni, mwambie yule wa Vakuta, ni mtu mwema. Unajua alinijibu nini? Alisema, 'Nikisema Gumalisa hayupo, njia inafia mikononi mwangu. Nikinyamaza, labda itafia mikononi mwa mwingine.'"

"Mwingine ni mimi."

"Hakusema jina lako."

"Hakuwa na haja."

Kwa mazoea ya miaka ishirini, mkono wa Toyogima ulikwenda kwenye kibuyu cha chokaa. Ulifika, ukasimama juu yake. Akaurudisha gotini. Sineyada aliona, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepigwa kofi mbele ya watu.

Aliingia ndani akatoka na kimkufu, si kibaya, si kizuri, cha kutosha shingo ya binti. "Sina kingine chenye cheo. Chukua hiki kiwe basi."

Kwetu neno hilo ni la kumaliza. Kwao ni la kungoja: basi ni zawadi ndogo ya kati, anayopewa mtu ili avumilie mpaka ile kubwa ije. Sineyada alimwekea kiganjani kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa maskini kiazi.

"Usinipe hivyo," Toyogima alisema. "Nitupie."

"Kaka…"

"Nitupie, na useme ni uchafu. Kama njia ipo, nitupie."

Sineyada alikitwaa tena, akainua mkono, kisha akakirudisha kiganjani mwake. "Siwezi. Nisamehe. Sina tusi hata moja lililobaki."

Basi Toyogima akakidondosha mwenyewe sakafuni, akainama akakiokota.

Chakula kilipoletwa, samaki wa moto kwenye jani, alisema tumbo linamsumbua. Alishuka pwani, akaingia chomboni, akafungua kifurushi cha mkewe na kula kiazi kikuu kilichopoa, mgongo ameuelekeza kijijini.

Siku ya nane alikuwa Kitava. Alikuwa ameamua kusema kweli. Aliipanga baharini, neno baada ya neno, na ilikuwa fupi.

Nyumba ya Kaimwala ilinuka mafuta ya nazi na vidonda. Mzee alikuwa amebaki mifupa na tumbo. Waangalizi walimwinua kidogo.

"Ni nani?"

"Ni mimi, mzee. Toyogima."

"Ah! Nyinyi mnaosema nimefilisika akili, amekuja au hakuja?" Aliwaambia waliokuwa chumbani, na sauti yake, ingawa nyembamba, ilikuwa na kiburi. "Hawa walikuwa wakisema, mtu wa Vakuta amemla Kepwasi na kufuta mdomo. Nikawaambia, huyo? Huyo nilimpa kibangili kama cha mtoto alipokuwa hana hata ndevu, akaniletea malipo kabla sijasahau. Lete."

Toyogima alimtupia ubavuni, taratibu, kwa sababu ya vidonda. "Uchafu tu huo, mzee."

Vidole vya Kaimwala vilitembea juu ya kombe, moja moja. Havikufika mbali.

"Huyu si Gumalisa."

Hapo ndipo mahali pa yale maneno. Toyogima alifungua kinywa. Aliona mpwa wa mzee, Sarubwo, ameegemea nguzo, akimtazama mdomoni. Aliona vidole vimesimama. Aliona njia nzima, kutoka baraza la Damuni hadi kitanda hiki, na yeye amesimama mwishoni mwake na shoka mkononi.

"Hapana, mzee. Hiyo ni basi. Gumalisa yuko njiani."

"Yuko njiani." Mzee alishusha pumzi. "Vizuri. Nitamngoja."

Na akamngoja. Hilo ndilo ambalo Toyogima hakulipigia hesabu. Upepo ulimzuia Kitava, akakaa na kuona. Kaimwala alikuwa afe wiki ile. Wanawake walikuwa wameshaanza kuandaa sketi za matanga. Hakufa. Aliacha kula, akaacha kunywa ila kwa kulowekwa midomo, ngozi ya mgongo ikaondoka, na kila alfajiri aliuliza, "Chombo kimeonekana?" Mwangalizi alijibu, "Bado, baba." Mzee alikuwa akilia kwa maumivu akigeuzwa, halafu anauma meno na kusema, "Ngojeni kidogo. Yuko njiani."

"Mwache aende," mmoja wa wanawake alimnong'oneza Toyogima mlangoni. "Anakusikia wewe tu. Mwambie hata kama ni uongo, mwambie asingoje."

Aliingia. Alikaa kando ya kitanda asubuhi nzima. Kumwambia asingoje kulihitaji kumwambia kwa nini, na mara mbili alisema, "Mzee," na mara mbili mzee akaitikia, "Eeh, nimekusikia, njia ni njia," akampapasa goti kwa mkono uliokuwa kama kijiti cha chokaa.

Siku kumi na tisa. Alikata roho mchana, kile kimkufu cha basi kifuani, kichwa kimegeukia upande wa bahari.

Kwenye kilio watu walimpa Toyogima nafasi ya mbele. "Alikuamini mpaka pumzi ya mwisho," walimwambia, mmoja baada ya mwingine. "Mtu kama wewe hazaliwi tena." Aliinamisha kichwa, nao wakadhani ni huzuni peke yake.

Sarubwo alichomeka mti pwani, akafunga nazi juu yake, kisha akaja kumsindikiza hadi chomboni.

"Mjomba ameniachia njia zake zote," alisema. "Gumalisa akifika, sasa ni kwangu. Au siyo?"

"Ndiyo."

"Msiba utaondoka mwakani. Atakuwa amefika?"

"Yuko njiani," Toyogima alisema, na safari hii neno halikumtoka kwa shida.

Nyumbani Vakuta, mkewe Ibona alimpokea kifurushi, akakikuta kitupu.

"Baba Ruta, hukula kwao? Dobu kote hukula?"

"Nilikula changu."

"Kama zamani, ulipokuwa mwoga?" Alicheka, kisha akamtazama vizuri akaacha. "Na mzee, ulimpelekea nini?"

Toyogima alikuwa akitazama kibuyu chake mwenyewe cha chokaa, ukutani, hakukichukua.

"Basi," alisema.