Kifungua Kinywa cha Mzee Oebele

Durk hajui kusema uongo, na hilo ndilo lililomtisha Hiske. Miaka thelathini na minane ya ndoa, mwanamume huyu hata akidokoa kipande cha keki masikio humgeuka mekundu. Asubuhi hiyo ya Novemba alisimama mlangoni masikio yakiwaka, akamwambia mkewe avae lile gauni la buluu, eti meya anawataka ofisini saa nne, kuna jambo dogo la kibali cha banda la baiskeli. Banda lenyewe walilijenga zamani, na hakuna aliyewahi kuliulizia.

Siku kumi nzima Durk alikuwa akipokea simu nje, kwenye mvua. Hiske akitokea, simu inakatwa. Mwanamke mwingine angewaza hawara. Hiske alimuwaza Mzee Oebele.

Wamejua, alijiambia, akaanza kufunga vifungo vya gauni.

Hiske alikuwa nesi wa kijiji, wa kuzunguka nyumba kwa nyumba kwa baiskeli, inyeshe isinyeshe, miaka thelathini na mmoja sasa, na mwezi ujao anastaafu. Nusu ya kijiji amewafunga vidonda, na wazazi wao amewafumba macho. Kisha, wiki tatu nyuma, akaingia jikoni kwa Mzee Oebele, mgane wa miaka themanini na minne, akamchoma sindano yake ya kisukari bila kulifungua daftari lililokuwa palepale mezani. Angelifungua angeona kuwa mwenzake wa zamu alishamchoma nusu saa kabla. Haukuwa uvivu. Alikuwa anasimulia harusi ya mpwa wake, domo likaitangulia akili. Sukari ikamshuka mzee, akalowa jasho, akaanza kusema maneno yasiyo na kichwa wala miguu, akalegea kitini. Hiske akamnywesha maji ya sukari kijiko kwa kijiko, huku anamwomba Mungu ambaye kanisani kwake yeye Hiske hajakanyaga tangu Pasaka.

Rixt, binti wa mzee, akaingia katikati ya kizaazaa hicho. Baba yake, rangi ikianza kumrudia, akalitazama daftari, akamtazama Hiske, akasema, "Nilisahau kula, mwanangu." Hiske akanyamaza. Rixt akamkumbatia kwa shukrani, na kumbatio lile lilimuuma kuliko kofi. Hakuandika chochote. Akasingizia goti, akamwachia mwenzake mtaa ule, asimwone tena mzee usoni. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Garini alimuuliza mumewe kama kuna polisi. Durk akacheka kicheko kibovu, akauliza polisi na banda wapi na wapi.

Mlango ulipofunguliwa, chumba kilikuwa kimejaa watu. Mstari wa mbele alikaa Rixt, na pembeni yake Mzee Oebele na kigari chake cha kutembelea. Meya alikuwa amevaa mkufu wake wa cheo. Hiske akafungua mdomo aombe msamaha, na watu wote wakapiga makofi.

Nishani ya mfalme! Kila mtu nchini humo anajua nishani hizo, za kuwaenzi waliotumikia watu, hutolewa Aprili. Lakini kwa anayestaafu huja wakati wowote, na mhusika hudanganywa mpaka mlangoni. Hiske alilijua hilo kama jina lake, ila hofu ilikuwa imemziba macho. Na sasa haikumtoka.

Meya akasoma sifa zake mpaka akakaukiwa koo. Kisha Mzee Oebele akainuka, akawaambia watu kwamba siku ile alisahau kula, na kama si huyu mama angekuwa kaburini. Meya akamshukuru, akamtakia heri: Jumatatu alikuwa anahamia kwenye nyumba ya wazee mjini. Hiske hakuwa na habari. Rixt akamgeukia jirani yake, akasema kwa huzuni kwamba mtu anayesahau kula haachwi peke yake, na siku ile ndiyo iliyomfanya aamue.

Hiske akamtazama mzee. Mzee akatikisa kichwa kidogo: nyamaza.

Meya alikuwa anakuja na nishani mkononi. Mpiga picha wa gazeti akapiga goti. Hiske alihisi anakufa kwa woga. Alifikiria leseni yake, jina lake, na Durk, ambaye alikuwa anafuta machozi ya furaha.

"Alikuwa amekula," akasema.

Meya akasimama.

"Vipande viwili vya mkate na jibini. Mimi ndiye niliyemchoma mara ya pili. Sikusoma daftari, na sikuandika."

Rixt akamwomba arudie. Akarudia.

"Mjinga we," akasema Mzee Oebele. "Mimi nimebakiza miaka miwili, na Mungu akipenda. Ningekaa huko huko. Si nilishakubali?"

Rixt akatoa simu, akapiga kwenye ile nyumba ya wazee mbele ya watu wote, akasema baba yake haji. Akakata. Kisha akamgeukia Hiske.

"Na wewe hutakanyaga tena kwa baba."

Hiske akasema sawa. Mzee Oebele alikuwa ameanza kulia, na safari hii si Hiske wa kumwendea.