Ndevu za Bwana Peregrine

Asubuhi ile Bwana Peregrine Oldroyd aliamka, akanawa uso, akavaa koti lake la mahameli ya kijani, akashuka kunywa chai akiwa na nyuki kidevuni. Walikuwa wametanda kutoka sikio hadi sikio, wakaning'inia mpaka kwenye kifungo cha pili cha kizibao. Bi Binns, mtunza nyumba wake, alimtazama, kisha akalitazama zulia.

"Watadondosha nta hao."

"Nitajitahidi kukaa wima, Bi Binns."

Bi Binns akamletea mrija wa unyasi ili anywe bila kumzamisha yeyote, akaendelea kupaka mkate siagi. Ilikuwa Januari, theluji imefika madirishani, na nyuki wengine wote wa nchi walikuwa wamelala.

Sisi watu wa Thornclough tulimpenda mtu yule, na asije mtu hapa kuniambia vingine. Baba yake, mzee Oldroyd, alianza na kitanda kimoja cha kufumia sufu akaishia na kiwanda kilichojaa bonde zima. Jabez, mtoto wa kwanza, akarithi kiwanda. Peregrine, wa pili, akapelekwa shule za mbali kujifunza lugha za watu waliokwisha kufa, akarudi mshairi. Mshairi hasa, si hawa wa kuokoteza vina kwa ajili ya harusi. Mizani yake haikuwahi kupwaya hata siku aliyokuwa na homa. Na adabu! Wasichana wa kiwandani walipotoka kazini jioni, nyuzi zimewajaa nywelani, waungwana wengine walivuka barabara. Yeye alisimama palepale, akavua kofia, akamsalimu kila mmoja kwa jina lake. Siku moja alirudi nyumbani amelowa chepechepe kwa sababu mwavuli alimwachia kondoo aliyekuwa anazaa.

Aliandika juu ya mto, juu ya mwezi, juu ya mbwa wake aliyezikwa chini ya mtofaa. Juu ya kiwanda, kilichomnunulia koti na wino na jamu, hakuandika hata ubeti. Hakuwahi kuingia mle. Nduguye alimwambia kelele za mitambo zingemharibia sikio, naye akaamini, maana alikuwa mtu wa kuamini.

Basi, siku chache kabla ya asubuhi ile, chumba cha kufumia kilishika moto wakafa wasichana saba. Kwetu mtu akifa, nyuki huambiwa. Mwenye mizinga huchukua ufunguo wa nyumba yake, hugonga mzinga mara tatu, hutaja jina la marehemu na jinsi alivyokufa, hufunga kitambaa cheusi, halafu huwaachia kipande cha keki ya matanga. Wasipoambiwa huhama. Wakidanganywa sijui huwa nini, maana hakuna aliyewahi kujaribu.

Mizinga ya Bwana Peregrine ndiyo pekee iliyobaki bondeni, kwa hiyo misiba yote ilipelekwa kwake. Aligonga, akataja majina saba polepole, machozi yanamtoka, akawaambia nyuki kama alivyoambiwa na nduguye: mlango ulikuwa wazi, ila wasichana walishtuka wakaukosa kwenye moshi. Akafunga vitambaa, akaweka keki, akaenda kulala. Kulipokucha walikuwa kidevuni.

Baada ya chai alikwenda kumpa pole Bi Keziah Sugden, mjane, mama yake Tamar. Tamar alikuwa mmoja wa wale saba. Bi Keziah alimpokea mlangoni, akampa kiti, akaendelea kumenya viazi.

"Nasikitika sana, Bi Keziah," alisema Bwana Peregrine. "Laiti wangeuona mlango. Ulikuwa wazi."

Nyuki mmoja akamchoma mdomo wa chini.

Bi Keziah akakata kitunguu, akamkandamizia kwenye uvimbe. "Tulia. Usijikune."

"Hawajawahi kunichoma tangu nizaliwe."

"Hukuwahi kuwadanganya. Mlango gani huo uliokuwa wazi? Mlango ule unafungwa kwa nje tangu enzi za baba yako. Kengele ikilia, nyapara anageuza ufunguo, wasitoke kupiga soga. Mimi mwenyewe usichana wangu wote nimefungiwa mle. Nani asiyejua?"

"Mimi."

"Na wewe nani akuambie? Ukipita tunakuambia maua yamechanua. Unavyofurahi, mtu anaona haya kukuharibia siku."

Bwana Peregrine aliitazama kofia yake gotini. Nyuki hawakumchoma tena. Viazi vikaendelea kudondoka kwenye sufuria.

"Nisamehe," alisema.

"Msamaha wangu utafungua mlango gani? Wewe Jumapili si ndiye unayesoma shairi kwenye jiwe lao la kumbukumbu? Basi ukitaje kitasa, mbele yao wote." Alifuta kisu kwenye aproni. "Mwanangu alikuwa anarudi hapa hoi, hana sauti, halafu ananiambia, 'Mama, leo kanivulia kofia.' Haya, mvulie tena tuone."

Bwana Peregrine alipotoka pale alikwenda moja kwa moja kwa nduguye. Jabez Oldroyd alikuwa mezani anakula figo za kondoo.

"Kaka, mlango ulikuwa umefungwa."

"Ulikuwa umefungwa, ndiyo," alisema Jabez. "Ukiachwa wazi nani atafuma? Hebu kaa, utakula?"

"Nataka kulisema Jumapili."

Jabez alitafuna mpaka akamaliza, maana naye alilelewa vizuri. "Mdogo wangu, nyumba unayokaa ni yangu. Ukilisema, utafute pa kuwafugia hao wadudu."

"Nimekuelewa, kaka. Nashukuru."

Jumapili bonde zima lilikusanyika uani mwa kiwanda, mbele ya jiwe jeupe. Askofu alikuja. Waandishi wa magazeti walikuja. Bwana Peregrine alisimama na ndevu zake zinavuma taratibu, na mfukoni alikuwa na shairi aliloagizwa, la maua saba meupe. Hakulitoa. Alivua kofia, akaiweka juu ya theluji, akaanza kusema mengine kutoka kichwani.

Jamani, nimesikia mashairi. Kama lile sijasikia tena. Alimpa kila msichana ubeti wake: huyu na kicheko chake, huyu na deni la busu alilomwachia kijana wa mwoka mikate, Tamar na ndoto yake ya kuiona bahari. Ubeti wa mwisho ulikuwa wa mlango. Alitaja kitasa. Alitaja upande uliokuwa na ufunguo. Alitaja jina la aliyeamuru, na kwa kuwa jina lile ni Oldroyd, akasema ni lake pia. Bi Keziah alilia kwa sauti, nasi tukalia naye, na mimi mwenyewe skafu yangu ililowa.

Nyuki wakaondoka kidevuni mmoja mmoja, bila haraka, wakapita juu ya vichwa vyetu, wakaingia kiwandani. Kidevu kilichobaki kilikuwa kidogo, cheupe, na Bi Binns akakifunika kwa shali kisipate baridi.

"Kina cha kati kimetulia sana," alisema Askofu.

"Na kweli tupu," alisema Jabez, naye anafuta macho. "Hakuna neno la uongo mle. Huyu mdogo wangu ana kipaji, nimesema siku zote."

Hakuna aliyekana kitu. Watu wakapeana mikono, wakaingia ndani kula nyama baridi na keki.

Jumatatu kengele ililia, wasichana wakaingia, nyapara akaja na ufunguo. Ufunguo ukakataa. Nyuki walikuwa wamehamia ndani ya kitasa, wamekijaza masega, na asali ilikuwa inachuruzika kwenye mbao. Jabez aliitwa. Alionja kwa kidole, akasema ni nzuri, akamwita mhunzi atie komeo la chuma shibiri moja juu ya kitasa. Muda uliopotea wasichana waliufidia jioni.

Bwana Peregrine alihama siku ileile na sanduku moja. Bi Keziah alimpa chumba cha Tamar. Kesho yake alfajiri alikwenda kiwandani na kigoda, akakaa nje ya ule mlango, koti lake la mahameli mwilini, karatasi gotini, mkono mmoja juu ya komeo. Nyapara alipolifunga, yeye alilifungua. Nyapara akageuka, akarudi, akalifunga tena.

"Samahani, bwana."

"Samahani nawe, Bwana Hoyle."

Waliendelea hivyo mwaka hadi mwaka, hawajatukanana hata mara moja. Jabez hakumfukuza. Wageni walikuja kutoka mbali kumwona mshairi kwenye kigoda chake, na walipoondoka walinunua mablanketi. Mashairi aliyoandika pale ndiyo bora ya maisha yake, na yote yana mlango. Vumbi la sufu lilimwingia kifuani kama linavyowaingia wote, akaanza kukohoa kikohozi cha wafumaji. Wasichana walipopita asubuhi alisimama, akavua kofia, akakohoa pembeni, akawataja kwa majina.

Alikufa majira ya kuchipua. Hatukubishana ni nani awaambie nyuki. Bi Keziah, uzee umeshampinda mgongo, alichukua ufunguo wa nyumba yake akaenda kiwandani, akagonga mlango mara tatu. Ndani ya kitasa kukanyamaza.

"Nyuki," alisema, "Bwana Peregrine amefariki, kifua kimemmaliza. Alikuwa muungwana. Mlango bado unafungwa."

Alifunga kitambaa cheusi kwenye komeo, akaweka kipande cha keki chini ya kitasa. Nyuki walivuma kidogo, wakarudi kwenye kazi yao, na wasichana ndani walikuwa hawajaacha ya kwao. Bi Keziah akavuta kigoda, akakaa, akaweka mkono juu ya komeo.

Nyapara akaja.

"Samahani, mama," alisema. "Sogea kidogo nifunge."