Hita ya Gundi

Mdomo wangu hauna breki, na wiki ile haukupumzika hata kidogo. Baba alikuwa ameharibu mbao tatu za meza moja. Tatu! Fundi aliyenifundisha mimi kushika patasi anachonga ulimi wa mbao, ukiuingiza kwenye tundu la mguu wa meza unacheza kama jino la mtoto.

"Baba, pima kwanza!" nikamfokea.

"Nimepima."

"Basi futi imelewa."

Aliichukua mbao ya tatu akaificha nyuma ya mlango pamoja na zile mbili, utadhani mimi sina macho.

Kaka yangu alishasema kwenye simu kwamba umri umekwenda, mzee apumzike nyumbani. Nilibisha siku mbili, ya tatu nikakubali. Tungemwambia Jumapili. Jamani, niliiogopa Jumapili ile!

Ijumaa kukapambazuka baridi ya kung'ata masikio. Baba akasema tukanunue hita ya umeme.

"Gundi haikauki," akasema. "Ndiyo maana viungo vinalegea."

Tangu lini gundi ikachonga mbao? Lakini ni kweli kwamba gundi ya mbao haishiki vizuri kwenye baridi, na mimi sikutaka ugomvi mwingine. Tukafunga karakana, tukaenda dukani.

Muuzaji alikuwa mama mmoja mchangamfu aliyevaa sweta mbili. Alimwamkia Baba, akatuwashia hita tatu kwa mpigo. Ya kwanza ilikuwa ya feni.

"Hapana," nikasema. "Hiyo itapeperusha vumbi lote la msumeno litue kwenye vanishi mbichi. Meza zitaota ndevu."

Ya pili ilikuwa na waya mwekundu unaowaka waziwazi.

"Hiyo ndiyo mbaya kabisa! Sisi tuna unga wa mbao mpaka puani. Unataka tuungue?"

"Haya dada, usinile," mama akacheka. "Basi yako ni hii ya mafuta. Haipulizi, wala haina waya wa kuonekana. Ila ni mvivu, uivumilie nusu saa. Chumba chenu kikubwa?"

"Hatua nane kwa sita, na dari liko juu."

"Haitatosha chumba kizima. Itapasha pembe moja tu. Mnataka impashe nani?"

Niligeuka nimuulize Baba. Hakuwa ubavuni mwangu. Alikuwa bado amesimama mbele ya ile ya waya mwekundu, viganja wazi, macho amefumba. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja, sasa vinakunjuka kimoja kimoja, taratibu. Kisha akagusisha dole gumba na kila kidole, kama mzazi anayehakikisha wanawe wote wamerudi nyumbani.

Alipofumbua macho akaniona. Mikono ikaingia mfukoni haraka.

"Tutaiweka karibu na kabati la gundi," akamwambia muuzaji.

Wiki nzima nimemsema mzee wangu kama mtoto mzembe, kumbe ni mikono.

Tulirudi tumebeba boksi la ile hita ya mafuta, yeye upande huu na mimi ule.

"Baba, vidole vimeanza lini?"

"Vidole gani?"

"Baba!"

Akalishika boksi upya upande wake. "Tangu baridi ilipoingia. Asubuhi patasi naiona, lakini siisikii mkononi."

"Sasa si ungesema? Ndiyo kufa na tai shingoni huko!"

"Ningesema, ungenirudisha nyumbani."

Ningeweza kukana. Uongo ulikuwa tayari mdomoni.

"Ndiyo," nikasema. "Tulipanga tukwambie Jumapili hii."

Alisimama. Boksi likainama upande wake, nikadhani litaanguka. Halafu akaliinua tena, tukaendelea na safari.

Tulipofika karakana nililipita kabati la gundi, nikaiweka hita chini ya meza yake ya kazi. Tukasubiri. Alikaa na mikono yake juu ya hita hadi vidole vikalegea vyote, kisha akachukua mbao mpya, akapima, akachonga. Sikufungua mdomo.

Akanikabidhi. Niliugonga ule ulimi tunduni kwa nyundo ya mbao, nikauvuta. Haukutoka. Nikaweka goti nikavuta kwa nguvu zangu zote, wapi! Nikampigia kaka palepale kumwambia Jumapili hakuna kikao. Nilipokata simu machozi yalikuwa yananitoka, na sikujali.

"Nisamehe, Baba. Kwa makelele yangu yote."

Alikuwa ameshashika mbao ya pili.

"Makelele yako nimeyazoea," akasema. "Nilikuwa naogopa siku utakayoanza kunisemesha kwa upole."